Zamani ipi hiyo ya rangi moja?

Juzi jioni, barazani hapa Kiegeani, Mafia, birika la kahawa lilikuwa limeshazunguka mara mbili pale kijana mmoja alipotuonesha kwenye simu vipande vya filamu ya Vuta N'kuvute. Yasmin, binti wa Kihindi, yuko Ng'ambo ya Unguja nyumbani kwa Mwajuma, mwimbaji wa taarabu. Mzee mmoja akasonya. "Hizi filamu zenu, mwanangu, zinachanganya rangi ili Wazungu wazipe tuzo. Zamani kila mtu na kwao." Baraza zima likaitikia.

Kwa heshima ya mvi zake sikumjibu palepale. Namjibu hapa.

Zamani hiyo haikuwahi kuwepo pwani hii. Shuka Utende, panda mashua, kiti hakijapata joto umeshafika Chole. Mizizi ya miti imezikumbatia kuta za hekalu la Wahindu, na karibu na hapo ni magofu ya boma la Wajerumani, waliokitwaa kisiwa hiki mwaka 1890. Vuka tena mpaka Juani, utaikuta Kua na misikiti yake, mji wa Washirazi ulioporwa na Wasakalava kutoka Madagaska. Na hapo sijawataja waliobeba mawe ya majengo hayo. Anayetaka kutuletea Mafia ya karne ya 19 yenye watu wa rangi moja itabidi atunge, tena atunge sana.

Yasmin naye hakupachikwa. Mwongozaji wa filamu, Amil Shivji, alimkuta kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, yenye kisa cha Unguja ya miaka ya 1950. Filamu ilipooneshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikatwaa Tanit ya Dhahabu kwenye tamasha la Carthage mwaka 2022, binti huyu alikuwa na miaka ishirini na ushei kwenye rafu za vitabu vyetu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayekana mchanganyiko anajinyima utamu wa kisa chenyewe. Watu walichanganyika, lakini mipaka ilikuwepo na kuivuka kulikuwa na gharama. Yasmin anamkimbia Raza, mume aliyemzidi umri mno. Jamaa zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo. Kisha anampenda Denge, kijana anayewindwa na serikali ya Mwingereza. Mvue Yasmin Uhindi wake: atakuwa amehamia nyumba ya pili tu, na hakuna wa kuvutana na mwenzake.

Huko Uingereza, mwaka 2019, mwigizaji mwenye asili ya Kihindi, Dev Patel, aliigiza kama David Copperfield, mhusika Mzungu wa riwaya, na mtazamaji akaombwa asiione rangi yake. Sina ugomvi nao, na kijana aliigiza vizuri. Sisi tunaombwa kinyume chake: tuione, tujue nani alilala Mji Mkongwe na nani Ng'ambo, nani alipita mlango wa mbele na nani alizunguka uani.

Mzee wangu analijua hilo kuliko mimi. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, ni yeye aliyetusimulia jinsi babu yake alivyoposa kwa Wangazija na jinsi wajomba wa bibi harusi walivyosusa, wakageuza chombo usiku uleule. Alisimulia mpaka kahawa ikapoa, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.