Esanse yenye pombe: waandike ku pompe, tujue

Mu magaraji ya Lubumbashi kuko mabishano ambayo hayaishi. Motere inakohoa asubuhi, mekanisie anafungua karbirateri, anakuta matone ya maji chini kabisa. Mwenye gari anasema palepale: "Banatia pombe mu esanse!" Mekanisie anajibu: "Apana, ni kadafi njo alitia maji." Kumbe inaweza kuwa vyote viwili kwa mara moja. Tunataka kusema juu ya jambo hili leo, bila kupendelea mtu wa pompe wala mtu wa bidoni.

Pombe inayosemwa ni etanoli. Inatoka mu miwa, mu mahindi, hata mu muhogo. Ni ndugu wa lutuku yetu, tofauti ni kwamba yenyewe imekaushwa mpaka maji karibu yote yametoka. Majirani walianza zamani: Malawi inachanganya etanoli ya miwa na esanse tangu 1982, na Zimbabwe ilifanya mchanganyiko kuwa lazima mu 2013. Ufaransa inauza esanse ya 10% tangu 2009. Brazil imefika 30% mu 2025. Kwa hiyo anayesema etanoli ni sumu tupu ya motere anatutisha bure.

Lakini anayesema "Brazil wanatumia, basi na sisi tutumie" naye anaruka jambo kubwa. Brazil ilianza mpango wake wa pombe mu 1975, na motokari zake zinatengenezwa kwa kujua ni nini zitakunywa. Za kwetu zinatoka wapi? Nyingi zinatoka Japani, zimekwisha kutumika miaka kumi ao makumi mawili kule, zinapita Dar es Salaam, zinaingia Kasumbalesa na usukani wao upande wa kuume. Na Japani yenyewe haikuruhusu zaidi ya 3% ya etanoli mu esanse ya kawaida. Ni mu 2012 tu njo walifungulia 10%, tena kwa gari zilizotengenezwa kwa ajili yake. Corolla ya 1998 inayobeba watu kila siku kutoka Kenya mpaka Katuba haikuzaliwa na pombe hiyo.

Hiyo haina maana itakufa siku ya kwanza. Ku 10%, gari yenye injeksio mara nyingi inaendelea vizuri. Hata hivyo nchi tajiri ziliweka mpaka kwa miaka ya gari. Marekani iliruhusu 15% kwa gari za 2001 na kuendelea, za mbele ya hapo ikazikataza. Uingereza, ilipoleta 10% mu 2021, iliwaambia wenye gari za zamani wachunguze kwanza, na iliwaachia esanse ingine ya 5% ku pompe zilezile. Angalia vizuri: mtu alipewa kuchagua.

Ni nini inaharibika? Kwanza kaushu. Mipira ya zamani, joani, na membrane ya pompe vinavimba ao vinakauka na kupasuka, halafu esanse inavuja juu ya motere yenye moto. Hapo si hasara ya pesa tena, ni nyumba na watu. Pili, etanoli inasafisha. Uchafu uliolala mu rezervuari miaka kumi na tano unaamka na kuziba filtre. Ndiyo sababu wengi wanalaumu esanse mpya kisha fulu ya kwanza tu. Tatu, karbirateri haina akili ya kuongeza mafuta yenyewe. Etanoli inaleta oksijeni yake, mchanganyiko unakuwa mwepesi, motere inapata joto kupita kiasi. Pikipiki za takisi-moto na grupu ndogo za nyumbani karibu zote ziko na karbirateri. Grupu inalala wiki tatu na esanse ndani wakati umeme uko, siku umeme unakatika unavuta kamba mpaka bega linauma.

Tena maji. Etanoli inapenda maji sana, inayavuta hata mu hewa. Mu esanse ya 10%, karibu nusu litri ya maji mu litri 100 inatosha kufanya pombe iachane na esanse na kushuka chini pamoja na maji hayo, pale hasa ambapo motere inafyonza. Sasa fikiri bidoni ya kadafi, kifuniko ni kipande cha plastiki, mvua ya Januari. Hatumtukani kadafi, anatafuta bukari ya watoto wake, na siku pompe ziko kavu njo anatuokoa. Lakini esanse yenye pombe haifai kuishi vile.

Na bei? Litri ya etanoli iko na nguvu kama theluthi mbili ya litri ya esanse. Mu bidoni ya litri 20 yenye 20%, umelipa zaidi ya litri moja ambayo haikupeleki popote. Kwa dereva anayepaswa kumletea mwenye gari pesa yake kila mangaribi, ile litri ni chakula cha nyumbani.

Msimamo wetu ni huu. 10% tunaweza kuikubali, ikiandikwa ku pompe kwa herufi ambazo mtu anasoma akiwa amekaa mu gari. 20% isiuzwe hapa kama esanse ya kawaida, na kila mahali inapouzwa, bei ishuke na esanse safi ibakie pembeni. OCC inakagua bidhaa zinazoingia. Ipime etanoli pia, na matokeo yatangazwe, yasibakie mu ofisi.

Wakati tunangojea, fundi yeyote anaweza kupima. Tia maji mu chupa nyeupe ya kioo, piga alama pale yanafika, ongeza esanse juu, funga, tikisa, acha dakika kumi. Kama maji yamepanda kupita alama, pombe iko ndani. Fanya hivyo inje, mbali na moto na sigara, na esanse usiivute na kinywa.