Bibi anahema? Usimwondolee kazi zote

Bibi amebeba ndoo ndogo ya maji kutoka bombani. Katikati ya uwanja anaitua, anashika ukuta, mabega yanapanda na kushuka. Mjukuu anaikimbilia ndoo, mkwe analeta kiti: "Mama, kaa. Kuanzia leo usiguse kazi yoyote."

Ni upendo, ila kwa mwenye ugonjwa sugu wa mapafu upendo huo unaweza kumdhoofisha.

Wapo wazee wenye ugonjwa huu ambao hawajawahi kuvuta sigara hata moja. Walipika kwa kuni miaka mingi kwenye jiko lisilo na dirisha, au waliugua kifua kikuu wakapona, makovu yakabaki.

Mara nyingi shida yao kubwa ni kutoa hewa, si kuivuta. Njia za hewa zimekuwa nyembamba, hewa inatoka polepole. Akitembea haraka, anavuta pumzi nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha kutoka. Kifua kinajaa hewa iliyotumika, mpya inakosa nafasi. Ndiyo maana kumwambia "vuta pumzi kwa nguvu" hakumsaidii. Ainame kidogo, mikono aiegemeze mezani, avute hewa kwa pua, kisha aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Kutoa kuchukue muda mara mbili ya kuvuta.

Na kile kiti? Miguu isiyotumika hudhoofika, na misuli dhaifu huchoka upesi na kumfanya aheme zaidi kwa kazi ileile. Baadhi ya hospitali zina programu za mazoezi kwa wagonjwa wa mapafu, kwa kawaida za wiki 6 hadi 12. Mapafu hayarudi kuwa mapya, lakini wengi hutembea mbali zaidi na kuhema kidogo.

Kwanza apimwe, maana hata moyo au upungufu wa damu humfanya mtu aheme. Daktari akiruhusu, atembee kila siku mpaka aheme kiasi, akiwa bado anaweza kusema sentensi nzima. Apumzike, kisha aendelee. Akihema hata akiwa ametulia, akiumwa kifua, akizimia au midomo ikibadilika kuwa ya bluu, apelekwe hospitali mara moja.

Ndoo nayo aachiwe, ila ijazwe nusu, na kile kiti kiwekwe katikati ya uwanja.