Ng'ombe wa Mkopo na Haki ya Kuambiwa Ukweli



Yeyote apitaye alfajiri katika vitongoji vya pembezoni mwa Jiji letu, tangu Bunju na Goba hadi Mbagala na Chamazi, hukutana na vijana wa baiskeli waliobeba madumu ya maziwa, na wengine waliobeba mizigo ya majani mabichi. Ufugaji huu si wa jana. Katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifikishi mwisho wa mwezi, familia nyingi zilijenga banda nyuma ya nyumba na kuingiza ng'ombe wa maziwa. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, nao wafugwe bandani. Karo za watoto wengi zimetoka katika mabanda hayo.

Twaandika leo kwa sababu ya yaliyomfika mama mmoja mjane wa upande wa Temeke. Alikopeshwa mtamba mwenye damu ya Friesian karibu tupu, kwa sharti la kurudisha ndama jike wa kwanza. Mwezi wa tatu mtamba alivimba tezi chini ya masikio, akashikwa na homa, akahema kwa shida, akafa. Ilikuwa ndigana kali. Mama akabaki na banda tupu na deni. Akaambiwa kosa ni lake, hakuogesha ipasavyo. Tunauliza: kabla hajatia sahihi, nani alimweleza kwamba ng'ombe hawalingani mbele ya kupe?

Ukweli wenyewe ndio huu. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, pamoja na jamaa zake kama Boran na Sahiwal, ana kinga ya asili ambayo ng'ombe wa Ulaya amepungukiwa. Manyoya yake ni mafupi, hujilamba sana, na mwili wake ukishaumwa na kupe mara kadhaa hujifunza kuwakataa. Kupe anayemng'ang'ania hashibi vizuri, wengi huanguka kabla ya wakati, na anayesalia hutaga mayai machache. Kupe jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu. Hivyo kila mmoja anayekosa shibe ni faida kwa zizi zima. Tena kinga hiyo hurithiwa: fahali huwapa watoto wake, kama awapavyo rangi na umbo.

Hata hivyo tusidanganyane kwa upande wa pili. Kukataa kupe si sawa na kuhimili ndigana. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe wa masikio huambukizwa angali ndama, na akipona hubaki na kinga. Ndugu yake aliyekulia mahali pakavu pasipo kupe hao, akiletwa Pwani, naye hufa. Wala banda si ngome, kwa maana kupe huingia pamoja na majani yaliyokatwa mabondeni na kando ya barabara.

Wengine husema dawa ipo. Ndiyo, lakini ni kwa gharama ya nani? Majosho mengi yaliyojengwa kwa fedha za umma yaliachwa yakauke katika miaka ya 1980 na 1990, na mzigo ukahamia kwa mfugaji. Mwenye kipato kidogo huzimua dawa kupita kiasi, na dawa hafifu huwafundisha kupe kuizoea. Kijana wa kazi hunyunyiza kwa bomba la mkono bila glavu wala kitambaa puani; masalia humwagwa mtaroni, na maziwa hukamuliwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huko Australia kupe walizoea dawa moja baada ya nyingine, na wafugaji wa kaskazini wakaitegemea damu ya ng'ombe wenye nundu walioletwa kutoka Marekani mwaka 1933. Hapa kwetu, kituo cha Mpwapwa kilichanganya damu ya kienyeji, ya Boran na ya Asia, pamoja na kiasi kidogo cha Ulaya, kikapata ng'ombe aitwaye Mpwapwa.

Hatusemi kwamba mtu maskini afuge ng'ombe wa lita moja ilhali tajiri anafuga wa lita ishirini. Huo nao ungekuwa ubaguzi. Tunasema kwamba chotara, anayetoa maziwa ya wastani na kubaki hai, humfaa mjane kuliko malkia wa maziwa anayekufa mwezi wa tatu. Na anayetaka damu nyingi ya Ulaya aelezwe gharama yake yote kwanza.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wasimamie mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa ng'ombe wa mkopo utaje damu ya mnyama, mahali alikotoka, na kama amechanjwa dhidi ya ndigana kali. Chanjo ipo, ilitokana na utafiti wa Muguga, Kenya. Pili, mnyama akifa kwa ugonjwa pasipo uzembe, hasara igawanywe kati ya mkopeshaji na mkopaji. Tatu, vijana wa mabandani wapewe glavu na mafunzo, kwani nao ni wafanyakazi wenye haki. Nne, wafugaji wa mtaa mmoja wanunue dawa kwa pamoja, waizimue kwa kipimo, na kuchagua mbegu ya fahali kwa kushauriana na mtaalamu wa mifugo wa kata.

Msaada unaotolewa bila ukweli humfunga yule uliokusudiwa kumfungua. Mama yule bado anadaiwa ndama. Tunawasihi waliomkopesha walifute deni hilo, na sisi sote tujiulize ni mikataba mingapi ya namna hiyo imelala katika makabati ya ofisi zetu.