Sandarusi Tuliyoisahau

Wamo miongoni mwetu walimu wanaoshikilia kwamba msamiati wa vyombo vya baharini hauna nafasi katika darasa la Kiswahili nchini Rwanda. Hoja yao husikika kila panapojadiliwa mafunzo: nchi yetu haina bahari, mtoto wa Kamembe hatapanda jahazi, basi mlingoti, foromali na deheni na viachwe Lamu na Unguja. Wengine huenda mbali zaidi, wakadai kwamba kazi ya ufundi, mathalani kuhifadhi mbao kwa vanishi, haielezeki kwa Kiswahili pasipo kukopa kila neno. Hoja hizi mbili ni ndugu, na zote mbili ni potofu.

Tuanze na hiyo ya pili. Vanishi ya asili ni utomvu wa mti ulioyeyushwa motoni na kuchanganywa na mafuta. Katika karne ya 19, utomvu uliosifiwa sana na watengenezaji wa vanishi wa Ulaya na Marekani ulikuwa sandarusi ya pwani yetu. Ilichimbwa ardhini upande wa Mrima, hata mahali ambapo misandarusi yenyewe ilikwisha kutoweka zamani, ikapelekwa Unguja, na huko ikapakiwa merikebuni. Wafanyabiashara wa Salem, nchini Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa, na mwaka 1833 nchi yao ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said. Sandarusi mbichi, isiyokomaa, Waswahili waliiita chakazi. Wageni waliposhindwa kulitamka neno hilo, waliligeuza wakaliita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume. Nani basi alimkopa nani? Leo tunanunua vanishi ya kopo, nayo aghalabu imetengenezwa kwa utomvu wa viwandani, kisha twawaambia wanafunzi kwamba jambo hili ni la kigeni tangu mwanzo!

Kwa wale wasioridhika na historia, na tuijaribu kazi yenyewe. Mlingoti una maadui wawili, jua na maji. Jua huunguza uso wa mti hata ukawa wa kijivu. Maji hupenya nyufani, na zaidi kwenye ncha, kwa kuwa nyuzi za mti zilizokatwa hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta. Kwa hiyo uozo huanzia kileleni, au kwenye shina mahali pasipopata hewa. Fundi husubiri mti ukauke, akaupiga msasa kwa kufuata nyuzi zake, akafuta vumbi, akapaka mkono wa kwanza wa vanishi iliyozimuliwa kwa tapentaini ili mti uinywe. Kisha hufuata mikono mingine mizito zaidi, kila mmoja ukaachwa ukauke na kupigwa msasa mwepesi kabla ya mwingine. Ncha hupakwa mara nyingi kuliko ubavu. Na kwa kuwa mlingoti hupinda upepo unaposhika tanga, vanishi yake sharti iwe na mafuta mengi, ipate kunyumbuka. Iliyo ngumu kama kioo hupasuka, maji yakaingia chini yake yakakosa pa kutokea, na mti ukaoza huku ungali waking'ara.

Mabaharia wa kale walikuwa na dawa yao ya mbao, nayo ni sifa, mafuta ya papa. Haing'ai, yanuka, na sharti irudiwe mara kwa mara. Lakini huingia ndani ya mti badala ya kuufunika kwa utando, na kwa hiyo haibanduki. Sehemu ya chombo inayokaa majini waliipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, na maungio ya mbao waliyakalafati kwa pamba.

Je, katika maelezo hayo yote ya kazi, maneno ya Kiingereza ni mangapi? Ni mawili tu, vanishi na tapentaini. Kama sifa na deheni yana asili ya Kiarabu, hayo yamekwisha kuwa wenyeji. Msasa nao ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika.

Sasa ile hoja ya bahari. Rwanda haina bahari, lakini Rusizi ina ziwa. Kila jioni wavuvi wa sambaza hutoka Kivuni kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa pamoja, yenye miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma ili kushika wavu. Mitumbwi hiyo haina matanga, lakini miti yake hupigwa na jua lile lile na kuozeshwa na maji vile vile. Sambaza mwenyewe ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wala hakuna anayekataa kumla kwa sababu ya ugeni wake.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyojua kazi za mikono itatufaa nini, ila kwa hotuba na salamu? Tunawafundisha vijana ngeli za nomino hata wakazikariri usingizini, lakini ukimwomba mmoja wao aeleze namna ya kuziba ufa wa mtumbwi, hana la kusema. Kosa hilo si la Kiswahili. Ni letu tunaokifundisha.

Kwa hiyo nawataka walimu wenzangu tufanye mambo mawili. Tuwapeleke wanafunzi ufukoni wakaulize mafundi, waandike kwa Kiswahili kila hatua ya kazi, na pale neno linapokosekana walitafute kwanza katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na zile zilizoifuata, kabla ya kukimbilia Kiingereza au Kifaransa. Na katika mitihani yetu, swali moja angalau limtake mtahiniwa aeleze kazi ya fundi tangu mwanzo hadi mwisho. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.