BANDO SAA 24, MTANDAO SAA 2: WATU WANALIA NA BEI, WANALIWA KWENYE MUDA

Kuna dada mmoja ana saluni maeneo ya Majengo, Dodoma mjini, si mbali na soko. Juzi kati, saa tisa mchana, kajiunga bando la buku, lile la saa 24. Bando kwake sio la kuangalia vichekesho tu. Anachukulia mitindo ya kusuka, anawarushia wateja picha WhatsApp wachague, yaani ni mtaji kama rasta na mafuta ya nywele. Siku hiyo umeme ukakata, simu ikazima chaji, na wateja wenyewe wakawa wa kubahatisha. Kesho yake kwenye saa tisa hivi akapata mteja wa harusi, anamtumia picha moja baada ya nyingine. Picha ya nne ikagoma.

Kuangalia, bando limeisha. MB zilikuwepo bado zaidi ya 300, kilichoisha ni muda. Na zile shilingi 600 alizoziacha kwenye salio ili apige simu zikaanza kunyonywa kwa bei ya nje ya bando mpaka zikafika sifuri. Mteja wa harusi kaona kimya, kaenda saluni nyingine.

Sasa muulize huyo dada tatizo ni nini. Atakwambia bando limepanda bei.

Hapo ndo watu wanapopotea. Kila bando likiguswa, mjini panawaka. Kwenye kijiwe cha boda Nkuhungu ni bando, hosteli za UDOM ni bando, kwenye status za watu ni bando. Na kelele zote zinaenda kwenye bei: jana buku ilikuwa inatoa hivi, leo inatoa vile. Ni kweli inauma. Ila bei angalau unaiona kabla hujabonyeza. Kinachomla mtu taratibu bila kelele ni hiyo saa inayohesabu kurudi nyuma tangu anapojiunga.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani mtu anasaini mkataba wa simu, mwaka mmoja au miwili, na akitaka kuuvunja kabla ya muda anatozwa faini. Watu wa huku wakisikia hivyo wanacheka, eti sisi bwana hatuna mikataba, laini unaweka vocha, ukichoka unaitupa. Hatuna mikataba? Mkataba upo, wa saa 24, na faini yake inalipwa kila siku. MB zako zinazozikwa zikiwa hai ndo faini yenyewe. Tofauti ni kwamba mzungu anaiona faini yake imeandikwa kwenye karatasi, huku mtu anakuta meseji, "Ndugu mteja, kifurushi chako kimekwisha muda wake." Na anaitwa ndugu!

Chukua mfano wa hapo Kibaigwa, kwenye soko la mahindi. Mtu kanunua gunia lake, kalipa taslimu, kapeleka nyumbani. Kesho yake muda ule ule aliyemuuzia anagonga mlango, anachota madebe mawili yaliyobaki, anaondoka nayo, na keshokutwa anayauza kwa mwingine. Huyo mtu Kibaigwa hatoki salama. Serikali imehangaika miaka na lumbesa, watu wa vipimo wanazunguka na mizani kwenye masoko ili mkulima asipunjwe debe. Kwenye MB hakuna mizani, hakuna debe, na mwenye kipimo ndiye muuzaji huyo huyo.

Wapo watakaosema mbona serikali ilishaingilia. Ndiyo, iliingilia, na hilo sakata inabidi likumbukwe vizuri maana watu wanalikumbuka nusu.

Aprili 2, 2021, ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu wameamka asubuhi kujiunga, wanakuta vifurushi vimebadilika, hela ile ile inatoa MB za kumwaga na kijiko. Zilikuwa ni wiki mbili tu tangu Rais Samia aapishwe Machi 19. Mitandao ikachafuka, matusi yakamwagwa, na siku hiyo hiyo serikali ikasitisha bei mpya. Watu wakashangilia, kwamba wameshinda.

Wameshinda nini? Mabadiliko yale yalitoka kwenye kanuni ndogo ambazo TCRA ilizitangaza Machi mwaka huo baada ya wananchi kulalamika miezi na miezi. Na ndani ya kanuni hizo kulikuwa na mambo ambayo yule dada wa Majengo angeyalilia machozi kama angeyajua. Mteja apewe taarifa akifikisha asilimia 75 ya matumizi na akimaliza asilimia 100. Aweze kumhamishia MB mtu mwingine wa mtandao ule ule. Asikatwe bei ya nje ya bando bila ridhaa yake. Kifurushi kikiidhinishwa kisibadilishwe wala kuondolewa ndani ya miezi mitatu. Yaani karibu kila kitu ambacho watu wanakililia vijiweni kilikuwa kimeandikwa pale.

Nani alisoma? Bei zikaja siku moja na hizo haki, bei ikawa kubwa kuliko kila kitu, na kelele zikafunika mazuri pamoja na mabaya. Mpaka leo ukimuuliza mtu kuhusu Aprili 2021 anakwambia "walipandisha bando tukawakomesha". Ukimuuliza haki yake kuhusu salio kunyonywa baada ya bando kuisha, anakutolea macho. Hata yule dada wa saluni, uwezekano ni mkubwa kwamba ridhaa aliitoa mwenyewe siku fulani, ilikuja meseji ndefu akabonyeza 1 ili iondoke. Ridhaa ya namna hiyo ni ridhaa kweli?

Na hapa Dodoma hili la muda lina ubaya wake wa pekee. Mtu wa Dar es Salaam akijiunga saa 24 anapata angalau karibu saa 24 za mtandao. Toka nje ya mji huu kidogo uone. Kuna mzee analima zabibu upande wa Hombolo, mwanawe kamnunulia simu janja ili awe anawasiliana na wanunuzi. Shambani mtandao hamna. Nyumbani unakuja na kuondoka kama mgeni. Akitaka kutuma picha ya zabibu inabidi apande kwenye mwinuko fulani jioni, na hapo atakuwa na vijana wengine watano wameinua simu juu kama wanaomba mvua. Kwa siku mtandao anaupata saa mbili, akibahatika. Lakini bando lake linahesabu saa 24, hata akiwa shimoni, hata akiwa amelala, hata mnara ukiwa umezima.

Kwa hiyo mzee wa zabibu na kijana wa Masaki wanalipa buku ile ile, kwa saa zile zile za kwenye tangazo, na mmoja anapata saa mbili. Bei haijapanda hata senti. Hicho ndo kitu ambacho mabishano ya "MB ngapi kwa buku" hayatakuja kukigusa. Mwaka 2022 sakata lilipoibuka tena, watu wakaelezwa kuhusu bei elekezi, kwamba MB moja iwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Sawa, piga hesabu: GB moja kwa bei ya chini ni kama shilingi 2,080, na kwa bei ya juu ni kama 9,570. Pengo lote hilo na bado ni halali! Lakini hata ukiuziwa kwa ile bei ya chini kabisa, ukitumia nusu na nusu ikazikwa, MB ulizotumia umezilipia mara mbili. Hiyo hesabu ndo haikuwa midomoni mwa watu.

Tuwape makampuni haki yao, maana nao wana hoja. Wanasema mtandao haukai ghalani kama mahindi. Uwezo wa mnara usipotumika saa hii, umepotea, hauwezi kuwekwa akiba ya kesho. Wanasema bando la muda mfupi ndo linafanya liwe rahisi, na anayetaka lisiloisha muda mbona lipo, anunue. Na wana hoja nyingine ambayo viongozi hawapendi kuisikia. Kwenye huduma za simu kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 hivi, na juu yake VAT asilimia 18. Ukifumua buku ya yule dada, zaidi ya robo ni ya serikali kabla mnara haujawashwa. Kwa hiyo mheshimiwa anaposimama Bungeni, hapo hapo Dodoma, na kufoka kwamba makampuni yanawaumiza wananchi, mkono mmoja unafoka na mwingine uko kwenye sahani.

Ila hoja ya ghala ina tundu. Kama uwezo wa mnara hauwekwi akiba, basi mzee wa Hombolo ambaye mnara wenyewe haukumfikia hajapoteza uwezo wa mtu yeyote. Hakuutumia kwa sababu hakupewa. Kwa nini saa zimhesabie? Na lile bando lisiloisha muda, kweli lipo, ila limekaa ndani ya menyu mpaka uchoke kubonyeza, na kwa MB moja moja ni ghali kuliko ya siku. Mwenye pesa ananunua amani. Mwenye buku ananunua presha.

Na kama ni kitu kisichowezekana, wengine wamewezaje? Afrika Kusini watu walianza kupiga kelele mtandaoni mwaka 2016 na kampeni yao ya #DataMustFall, hawakuacha baada ya wiki moja, na mwaka 2019 zikaanza kutumika kanuni za kuwalazimisha watoa huduma wamruhusu mteja kusogeza mbele muda wa data na kumhamishia mwingine, na wasimkate nje ya kifurushi bila yeye kukubali. Ghana mwaka huo huo serikali ikaagiza data isiyotumika isipotee. Hapo jirani Kenya, Safaricom wenyewe Oktoba 2019 wakaleta vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Minara yao haikuanguka.

Huku kwetu kelele zina uhai wa siku tatu. Na sio kwamba hazisaidii! Tozo za miamala zilianza Julai 15, 2021, watu wakapiga kelele mfululizo, mwezi wa tisa zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kwa bando mtu analalamika asubuhi, mchana kajiunga, jioni anarusha status ya kicheko akitumia MB zile zile alizokuwa anazilalamikia. Halafu anasema "hawa jamaa hawatusikii". Wakusikie vipi wakati mashine yao inaonyesha umenunua mara mbili siku hiyo hiyo?

Wengine wanatishia kuhama. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhamia mtandao mwingine na namba yake ile ile, na faini ya kuvunja mkataba hakuna. Ila kijana mmoja wa bodaboda wa stendi ya Nanenane alipoambiwa ahame alicheka sana. Ana mkopo wa simu hajamaliza kulipa, kikoba chake kinakusanyia hela kwenye mtandao huo, wateja wake wanamtumia nauli huko huko, na mama yake Kondoa wakala aliye karibu ni wa mtandao huo tu. Mnyororo wa namna hiyo unahitaji mkataba wa nini tena?

Mheshimiwa mmoja akisimama kesho na swali la nyongeza, asiulize bei. Aulize kwa nini saa za bando zinaendelea kuhesabu pale ambapo mtandao haupo, na nani anazichukua zile MB zinazobaki, na kwa mwaka zinafika ngapi nchi nzima. Hiyo namba mitandao inayo, kila MB wanaihesabu. Itolewe hadharani watu waione.

Yule dada wa Majengo, saa kumi na mbili jioni, umeme umerudi, kamtuma mdogo wake vocha ya buku. Kajiunga tena. La saa 24.