Mlinzi Aliye Ndani ya Kioo

Watu wengi huziogopa televisheni za zamani, zile zenye chogo, wakidhani ya kuwa hata zikitupwa jalalani hutoa miali ya kudhuru. Hofu hiyo ina asili yake, lakini imekosa mahali pake. La kuogopwa si miali, ni jiwe la mtoto aivunjaye.

Katika mwaka 1895, Wilhelm Röntgen wa chuo cha Würzburg, Ujerumani, aligundua kwamba umeme mkali ukipitishwa katika chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, hutokea miali isiyoonekana, ipenyayo hata nyama ya mwili. Akaiita kwa herufi X, maana asili yake haikujulikana. Basi, televisheni ya zamani nayo ni chupa ya namna hiyo. Ndani yake elektroni, chembe ndogo mno za umeme, husukumwa kwa nguvu ya volti zipatazo 25,000 katika zile za rangi. Zikigonga upande wa mbele, picha hutokea. Na miali ya eksirei huzaliwa papo hapo.

Mafundi walilijua jambo hilo, wakamtia mlinzi katika kioo chenyewe. Kioo cha chogo walikichanganya na risasi, madini ambayo wavuvi hufanyia chubwi, kwa kuwa vitu vizito huzuia miali. Lakini kioo chenye risasi hugeuka rangi kikipigwa na elektroni. Kwa hiyo upande wa mbele wa televisheni nyingi za rangi ulitiwa bariamu na strontiamu. Hivyo picha ilionekana, na miali ikazuiwa.

Hata hivyo, mlinzi asiyekaguliwa haaminiki. Katika mwaka 1967 ilijulikana huko Marekani kwamba baadhi ya televisheni za rangi zilivujisha miali kupita kiasi, kwa sababu ya valvu za ndani zisizokingwa vema. Mwaka 1968 ikatungwa sheria ya kuzuia hatari hiyo.

Umeme ukizimwa, elektroni hutulia na miali hukoma. Lakini risasi hubaki, na katika televisheni kubwa hupata kilo nzima au zaidi. Mtoto aipondaye ili apate shaba hurushiwa vigae vikali, tena hutawanya vumbi la risasi, nayo risasi hudhuru ubongo wa watoto. Shukrani ya punda ni mateke! Yafaa chombo hicho kiachwe kizima, kikabidhiwe wenye ujuzi wa kukifungua. Aliyewalinda watu asivunjwe akawadhuru.