Kitambaa cha kichwani na sauti ya mwanamke katika makanisa ya Masasi na Newala

KATIKA makanisa mengi ya Masasi na Newala, mwanamke anayeingia ibadani kichwa wazi bado hugeuza shingo za watu. Atatafutiwa mtandio, au ataambiwa kwa upole na mama mmoja wa makamo kwamba akirudi Jumapili ijayo aje amejifunga kitambaa. Jambo lenyewe huonekana dogo. Hata hivyo, chini ya kitambaa hicho kuna swali zito zaidi, nalo ni nani mwenye haki ya kusema kanisani.

Wanaosisitiza desturi hiyo hutegemea sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Ni kweli kwamba Mtume Paulo anamtaka mwanamke afunike kichwa. Lakini katika aya ya 5 anamzungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii mbele ya watu. Anaelekeza mavazi yake wakati anaposema, wala hamkatazi kusema. Amri ya kunyamaza inatoka katika sura ya 14, na wataalamu wa Maandiko wamebishana kwa muda mrefu namna ya kuzipatanisha sura hizo mbili. Wapo wanaodhani Paulo alikuwa akikemea fujo ya mahali fulani tu, na wapo wanaoamini kwamba aya za sura ya 14 ziliongezwa baadaye. Mahubiri mengi hayahangaiki na ubishi huo. Huchukua kitambaa kutoka sura ya 11 na ukimya kutoka sura ya 14, na ile haki ya kunena iliyomo katika sura ya 11 ikaachwa bila kusomwa.

Tafsiri nayo imechangia. Katika aya ya 10, neno la Kiyunani alilotumia Paulo ni “exousia”, ambalo kwa kawaida humaanisha mamlaka aliyo nayo mtu mwenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952 na ambayo vizazi vingi vimelelewa nayo, imeliweka hapo neno “kumilikiwa”. Mamlaka ya mwanamke yakageuka kuwa alama ya mwenye kummiliki.

Neno hilo lina uzito wa pekee Masasi. Mji huo wa misheni ulianzishwa mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere wa UMCA, ambaye pia alikuwa mfasiri mashuhuri wa Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, alipoongoza msafara wa watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar. Huko walikotoka, kufunika kichwa kulikuwa heshima ya waungwana, na mtumwa mwanamke hakuruhusiwa. Baada ya utumwa kufutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa walijitwalia ukaya na buibui ili waonekane kuwa watu huru. Kwa hiyo, katika historia ya watu hao, kichwa kilichofunikwa hakikuwa alama ya kumilikiwa hata kidogo. Kilikuwa alama ya kutokuwa na bwana.

Misheni ilipanda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, baada ya Masasi kushambuliwa na Wangoni mwaka 1882. Wamakonde, Wamakua na Wayao iliokutana nao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na kauli kubwa kuliko baba, na mafunzo ya wasichana yalikuwa chini ya makungwi. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi tangu ilipoundwa mwaka 1926 hadi 1944, alisifika kwa kuiingiza jando katika Ukristo. Unyago ulikuwa mgumu zaidi kwake, kwa sababu siri zake zilikuwa mikononi mwa wanawake, na mapadri wote walikuwa wanaume. Kwa maneno mengine, nje ya kanisa mwanamke wa huku alikuwa na mahali ambapo yeye ndiye mwalimu na mwanamume hakanyagi. Ndani ya kanisa alipewa benchi.

Mlango mmoja ulifunguka mwaka 1946, masista Waingereza walipoanzisha Masasi shirika la masista Waafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu. Katika jamii inayotegemea binti kuendeleza ukoo wa mama yake, kukataa ndoa haukuwa uamuzi mwepesi. Wasichana waliovaa shela hilo waliuamua. Ni vigumu kuliita shela hilo dalili ya utii kwa mume, maana mume hakuwapo.

Kwingineko mambo yamesonga. Kanisa Katoliki liliiacha sheria ya wanawake kufunika kichwa. Ilikuwamo katika sheria za kanisa za mwaka 1917, haimo katika zile za mwaka 1983. KKKT iliamua kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990. Kenya ilipata askofu wa kwanza mwanamke wa dayosisi ya Kianglikana, Rose Okeno wa Butere, mwaka 2021. Nchini, Waanglikana wameiachia kila dayosisi iamue, na zile zilizorithi mapokeo ya UMCA ndizo zilizosita zaidi.

Akina mama wa Newala, ambao kwa miaka mingi walishuka genge la uwanda kutafuta maji na kupanda tena na ndoo kichwani, hawalalamikii kitambaa. Wengi wao wanakipenda, na wangekivaa hata pasipo amri. Kinachosubiri jibu la maaskofu na masinodi ni sehemu ya pili ya aya ya 5: huyo aliyefunika kichwa kama alivyoagizwa, ataruhusiwa lini kunena kutoka mimbarini?